Hayana Mifupa, Hayana Manyoya

Enzi za ruksa kila kitu kiliruhusiwa, hata ujanja wenye picha nzuri. Ndipo makopo ya mafuta ya kula yalipoingia mnadani Misigiri. Rahimu, mfanyabiashara wa Singida mjini, aliyapanga juu ya turubai, kila kopo na moyo mwekundu ubavuni na maandishi makubwa: HAYANA KOLESTRO. KWA AFYA YA MOYO WAKO.

Ubavuni pake alikaa Selina, mama Dina, na madebe yake ya mafuta ya alizeti. Alizeti aliilima mwenyewe, na mumewe Antipasi aliikamua kwa mashine ya mkono mpaka mabega yakamvimba. Jasho la msimu mzima lilikuwa mle madebeni. Na mafuta hayamngoji mtu. Yakikaa sana yanachacha, na hapo kilichobaki cha maana ni mashudu ya kulishia ng'ombe.

"Shikamoo mama," akamwamkia mwalimu mmoja kijana.

"Marahaba, mwanangu."

Mwalimu akadondoshewa tone kiganjani, akalamba, akaridhika. Kisha akauliza, "Haya yako yana kolestro?"

Tangu azaliwe Selina hajalisikia neno hilo. Lakini ni muuzaji gani atakiri mbele ya mteja kwamba kuna kitu kakipunguza? Wauza maziwa wa pale walisutwa kila siku kwa kutia maji, na yeye hakutaka kuwekwa kundi moja nao.

"Imejaa tele," akasema, kifua mbele. "Mimi sipunji mtu. Rahimu huyo ndiye aliyeitoa."

Mwalimu akairudisha kapuni taratibu chupa aliyokuja nayo, akaaga kwa adabu zote. Maneno ya mnadani nayo hayana breki. Jua halijafika utosini, kila mtu alishasikia kwamba mama Dina anauza ugonjwa wa moyo, tena anajisifu.

Siku ile hakuuza. Mnada uliofuata hakuuza vilevile. Alipofungua debe moja nyumbani akahisi harufu imeanza kubadilika, machozi yakamlenga. Akajifunga khanga, akaenda zahanati kwa muuguzi Anifa kuuliza hiyo kolestro ni mdudu gani.

Anifa alicheka mpaka akashika meza. "Mama Dina, hiyo inatoka kwa wanyama. Nyama, samli, mayai. Mbegu haina, na haijawahi kuwa nayo. Mafuta yako hayana, na ya Rahimu hayana."

"Sasa kwa nini yeye kaandika?"

"Kwani kadanganya?"

Selina akarudi nyumbani kwa hasira. Mnada wa tatu akaja na ubao kaandika kwa mkaa: MAFUTA HAYA HAYANA KOLESTRO. HAYANA MIFUPA. HAYANA MANYOYA.

Watu wakasoma, wakatazamana. Wakaenda kwa Rahimu, wakageuza makopo juu chini. Moyo upo, kolestro ipo, mifupa haikutajwa popote.

"Mbona hili limenyamaza?" akauliza bibi mmoja, na swali lake likatosha. Foleni ikahamia kwa Selina.

Rahimu akaja mbiombio. "Mama Dina, unaniharibia biashara. Mafuta yangu yana manyoya?"

"Mimi nimesema?" Selina alikuwa anapima, hata hakuinua uso. "Na wewe uliposema yako hayana kolestro, ulisema yangu yanayo?"

Rahimu akageuka. Akaenda kutafuta mkaa.

Jioni madebe yalikuwa matupu. Selina akapika kwa raha, akakaanga kuku mzima, akamtengea mumewe. Antipasi alikata tonge la ugali, akalishika mkononi bila kulichovya kwenye mchuzi.

"Mama Dina," akasema kwa sauti ya chini, "yale ya mwaka jana, tuliyokula kabla hujaweka ubao. Manyoya yalikuwemo?"

Selina akamtazama mtu huyu, aliyezungusha ile mashine kwa mikono yake mwenyewe, msimu baada ya msimu.

"Machache," akamjibu. "Kula, ugali unapoa."