Alama za Meno kwenye Namba Kumi na Mbili

...na sasa mzee analigeuza tena, mara ya nne hii, utadhani chini ya nyayo zake kumechorwa ramani ya hazina, tulia Chigusa, toa hicho kifuniko cha kalamu mdomoni, mwanamke wa miaka hamsini na moja hatafuni kifuniko cha kalamu mbele za watu, akakitoa, akakifuta kwenye sketi, akakiona kimeshapondeka upande mmoja, akakipachika kwenye kalamu kama hakuna kilichotokea, na mzee Kurebayashi ng'ambo ya meza wala hakuinua macho, kioo chake cha fundi saa kimembana jichoni kama kimeota hapo, Namba Kumi na Mbili la Chigusa, roboti la mpira, la samawati, urefu wa kidole gumba, limelala kiganjani mwake kama mgonjwa anayesubiri kuambiwa jambo, na pembeni, juu ya karatasi laini, Namba Thelathini na Moja la mzee, jekundu, mabawa yote mawili mazima, atakalolitoa akiridhika na la samawati, ambalo Chigusa analo jingine nyumbani, miaka ishirini na miwili analitafuta, la mwisho kati ya thelathini na sita, akilipata amemaliza, na akishamaliza atafanya nini, swali zuri hilo, atalijibu siku nyingine... leo ana swali jingine, limo ndani ya mkoba, ndani ya simu, lina siku tisa, “Dada, Jumapili ya kisomo nije au nisije?”, basi, hakuongeza neno, Yasuaki hajawahi kuwa mtu wa maneno mengi, au anayo ila si kwa dada yake, na mpishi wa shughuli anataka idadi kabla ya saa sita mchana, masanduku ya chakula saba au manane, kaulizwa jana akasema saba, kisha akasema ngoja, kisha akasema nitakupigia, mpishi akacheka kwa adabu, ile adabu ya watu wa Nagoya inayokuchoma huku inakuinamia, akasema hamna neno Bi Inagaki, samaki hana haraka, mwenye haraka ni mimi.

Samaki hana haraka, na Kurebayashi hana haraka, ukumbi mzima wa mtaa hauna haraka, kila Jumapili ya pili ya mwezi ni hivihivi, viatu mlangoni, malapa ya kijani yanayoteleza, meza za kukunja, jiko la mafuta ya taa linapasha pembe moja na kuziachia tatu baridi, na watu wazima ishirini na kitu, wenye wajukuu wengine, wameinamia vidoli walivyovipata kwa kuzungusha kishikio cha mashine nje ya duka la peremende, unatia sarafu, unazungusha, yai la plastiki linadondoka, hujui limebeba nani, ukipata uliye naye tayari unatafuta mwenzako wa kubadilishana, ndiyo biashara yote hiyo, miaka arobaini na miwili imepita na bado wanatafuta wa kubadilishana, tena siku hizi wanaiita utafiti, wana vitabu vya orodha, wana alama, Kurebayashi anatoa alama kwa kumi na kwa nusu na kwa robo, wakati madude yenyewe yaliuzwa kama vifutio, ingawa hakuna hata kimoja kilichowahi kufuta nukta, ukisugua kwenye daftari kinapaka weusi tu, kosa lako linabaki palepale, limetanuka... Hosoda, yule tarishi mnene wa meza ya pili, akapita na chai ya shayiri, akamwekea kikombe, akauliza harusi ya Bi Inagaki na Namba Thelathini na Moja inafungwa lini, na Kurebayashi bila kutoa kioo jichoni akasema bibi harusi bado anapimwa, wakacheka, Chigusa naye akacheka, mdomo umefumbwa, hivyo ndivyo anavyocheka tangu darasa la nne, kwa sababu ya mwanya wa meno ya juu, ambao kuna nchi watu wangeuimbia lakini mama yake alisema bahati huchomokea hapo, na hela ya waya za kunyooshea haikuwepo.

Mzee akasema polepole, kama daktari, kwamba rangi ni nzuri, haijapauka, haijalala na jekundu, na hapo alikuwa anamsifu, maana hilo ndilo kosa la wageni wote wa kazi hii, kuyarundika pamoja kwenye kopo la biskuti na kuyasahau, mpira wa zamani unatoa jasho la mafuta, unakula unachogusana nacho, ukiyaacha mawili yamekumbatiana miaka thelathini yanashikana, na ukiyatenganisha kila moja linaondoka na rangi ya mwenzake, haitoki, hata ukichemsha haitoki, ndiyo maana kila moja linavikwa karatasi yake, linalala peke yake, Chigusa analijua hilo vizuri kuliko wote, kila kitu chake kimevikwa karatasi yake. “Tatizo ni haya meno,” akasema Kurebayashi.

Haya basi, meno, tulikuwa tunayasubiri, na Hosoda kule mezani kwake tayari anatabasamu, mwambie ile ya mdogo wako, Bi Inagaki, mzee hajaisikia yote, na kweli ni hadithi yake, wengine wana nyimbo, yeye ana hii, ameisimulia ukumbini humu labda mara kumi, ya mdogo wangu mwenye meno ya panya, jinsi Namba Kumi na Mbili lilivyokuwa kipenzi changu, lilivyotoka kwenye yai la kwanza kabisa, na asubuhi moja ya Januari nikalikuta ndani ya mfarishi wa meza ya moto, ile fupi yenye kipasha joto chini yake, limetafunwa bega, na mtoto anakana, anakana na macho makavu, hadi baba alipomtoa nje barazani akafunga mlango wa kioo, watu hucheka hapo, kila mmoja wao alishafungiwa nje na baba yake, halafu anamalizia kwa sauti ya mtoto, ni mimi, ni mimi, na ukumbi unapasuka... muda wa saa mbili kasorobo alikaa nje, hilo huwa halisemi, kwa kuwa linaharibu kicheko, soksi tu miguuni, ghorofa ya nne, viganja vimegandamana na kioo na pumzi yake ikitia ukungu kisha ukungu unaondoka kisha unarudi, baba anatazama mieleka, mama anakatakata figili jikoni, anakata, anakata, figili gani hiyo isiyoisha, na yeye Chigusa miaka tisa ameketi miguu ndani ya mfarishi wenye joto akifanya hesabu za kugawanya, hakumsikia, kioo kilikuwa kinene, aliona mdomo tu, mdomo mwekundu wa baridi ukifunguka pengo tupu, ni mimi, na baba akasema unaona, mwongo hana mbio.

Na tangu hapo ikawa hivyo, kila nyumba hugawa kazi zake, yeye akapewa ukweli, Yasu akapewa uongo, vikombe vikivunjika, mayai yakipungua, alama za shule, ni Yasu, na Yasu mwenyewe akaacha kujitetea, aliona hakuna faida, akakua, akawa dereva wa gari la mashuka, anapeleka mashuka safi kwenye hospitali na nyumba za wazee na kuchukua machafu, na mama alipopotelewa na akili wakampeleka kwenye nyumba ya wazee, yeye Chigusa ndiye aliyekwenda Jumapili zote akasaini daftari la wageni, na jina la Yasuaki halimo, ukurasa baada ya ukurasa halimo, hata hivyo siku ya mazishi akasimama pale na tai yake nyembamba akasema mimi nilikuwa naenda kila Jumatano, na Chigusa, mbele ya mashangazi, mbele ya mtawa, kwa sauti ya mtu aliyesoma chuo kikuu, akamwambia, “Wewe tangu una miaka saba ni mwongo tu.” Yasu akainama, sawasawa kabisa, kama anavyomwinamia mteja, akavaa viatu, akaenda, hakungoja tanuri limalize kumchoma mama, na ulipofika wakati wa kuokota mifupa yake kwa vijiti, wawili wawili kama ilivyo desturi, Chigusa alipangiwa mume wa binamu, mtu anayefanya kazi ya kuuza lifti, wakashika mfupa mmoja vijiti vinne, na yule bwana akakwepesha uso kwa aibu ya kuwa mahali pa mtu mwingine... miaka miwili sasa, kwa hesabu ya hekalu ni mwaka wa tatu, Jumapili ijayo kisomo cha kumkumbuka, masanduku saba, samaki hana haraka.

Simulia basi, akasema Hosoda, na Chigusa akafungua mdomo kuanza, lakini Kurebayashi alikuwa ameliinua roboti hadi kwenye mwanga wa dirisha, akasema, si kwa ubaya, kwa sauti ya mtu anayesoma namba ya saa, “Kumbe mdogo wako alikuwa na mwanya.”

Hapana, akataka kusema, mwanya ninao mimi, Yasu meno yake yamepangana kama punje za mahindi, yalipoota yaliota vizuri, alipata bahati yote yeye, yalipoota... na neno likamkwama hapo, yalipoota, kwa sababu Januari ile yalikuwa hayajaota, aliiona tena picha ya mwaka mpya, Yasu ameshika bakuli la supu, anacheka pengo la juu kubwa kama mlango wa gereji, na bibi pembeni na mkasi wa jikoni anamkatia mochi vipande vidogo vidogo, maana mchele ule uliotwangwa unanata na mtoto hana meno ya kuukatia, wote walicheka, bibi akasema huyu mwaka huu atakula kama mimi, tuko sawa, na hiyo ilikuwa tarehe moja, na Namba Kumi na Mbili lilitafunwa kabla mwezi haujafika katikati, wiki mbili, meno hayaoti wiki mbili, si haya, haya ni mawili ya juu, mapana, ya mtu mzima yaliyotangulia kwenye uso wa mtoto, na nafasi kati yake... na ulimi wake ukawa tayari umekwenda, bila kutumwa, ukaingia mwanyani, na pamoja na ulimi ikaja ladha, chumvi kidogo, sabuni kidogo, na ule mchachu wa mpira mpya, anaijua ladha hii, ameijua siku zote, ndiyo ladha ya samawati kichwani mwake, hata hukumbuki ulianza lini kuijua, sasa niambie Chigusa, niambie wewe uliyepewa ukweli, umeijuaje ladha ya bega la roboti ambalo hukuwahi kulitia mdomoni? Hesabu za kugawanya, joto la mfarishi, usingizi unakuja, mkono mmoja una penseli, na penseli zako zote zilikuwaje, zilikuwa kama zimeliwa na mchwa, mwalimu alimwandikia mama barua, na kifuniko cha kalamu hiki hapa mezani kimepondeka upande mmoja, upande uleule.

Na kama lile si kweli basi na lile la Jumatano... na maganda ya machenza, mungu wangu, maganda ya machenza, kwenye pipa dogo la chumba cha mama, karibu kila Jumapili, yamekauka, siku kadhaa, chenza limemenywa kwa mkato mmoja likafunguka kama ua la majani matano, hakuna anayemenya hivyo, wauguzi hawana muda wa kumenya hivyo, ni mtu mmoja tu aliyemwona akimenya hivyo, ameketi mwisho wa meza, mtu ambaye hakuna alichosema kilichoaminika, na yeye aliyatazama maganda yale akajiambia ni wauguzi, Jumapili hadi Jumapili akajiambia ni wauguzi, akafunga mfuko akautupa, na gari la mashuka huingilia mlango wa nyuma, wa mizigo, kule hakuna daftari la wageni, nani amsainishe dereva, mwanamke mwenye shahada mbili asiyejua kwamba nyumba ina mlango wa nyuma.

“Bi Inagaki,” akasema Kurebayashi, na sasa kwa mara ya kwanza kioo kimetoka jichoni, kimeacha duara jekundu, “nakuuliza kwa ajili ya kumbukumbu tu. Huwa naandika. Aliyetafuna anaitwa nani?” Na kalamu yake ndogo inangoja juu ya daftari, na Hosoda anangoja na kicheko chake tayari, jiko la mafuta linakoroma, saa ya ukutani inasema saa tano na dakika kumi, jekundu limelala kwenye karatasi yake na mabawa yote mawili, hakuna kilichosogea, na Chigusa akasikia baridi kwenye nyayo ndani ya malapa, kama mtu aliyevaa soksi tu, akaona kwamba maneno ni mawili, yaleyale, na kwamba hata yeye, ukimweka upande wa pili wa kioo, inamchukua muda mrefu kuyasema.

“Ni mimi.”

Hosoda akacheka, kwa mazoea, akidhani hadithi imeanzia mwishoni leo, kisha akaacha, na mzee akamtazama kidogo, akatazama mdomo wake, kwa heshima, kama anavyotazama kitu kizee chochote, akaandika, akasema vizuri, ingawa kwa upande wa alama hilo haliongezi wala halipunguzi, akarudisha kioo jichoni akaligeuza roboti mgongo, mara ya tano, na Chigusa akauingiza mkono mkobani, ukapita funguo, ukapita leso, ukaikuta simu, ukaishika tu, masanduku manane, akawaza, na la Yasu lije na machenza, manane, kama atakuja, manane hata asipokuja...