Vidoa Vyeupe Mashavuni

Shemeji mtu alikuja na chupa ya dawa ya buluu, na jibu alikuwa nalo tangu mlangoni. Alikuwa na duka la dawa za mifugo, kuku na mbuzi wa mtaa mzima walikuwa wateja wake, na samaki kwake walikuwa kuku waliokosa miguu tu.

"Shemeji, hivi vidoa vyeupe ni vimelea. Namwaga chupa nzima, watakaopona wapone."

Mjane akasimama kati yake na tangi la kioo. Samaki wale watano wa dhahabu marehemu mumewe aliwalea kwa mkono wake mpaka siku alipoanguka, na dozi ile ingeweza kuwamaliza kabla ya jioni. Onyo lilikuwepo kwenye chupa, kwa herufi za sisimizi, na yeye alilisoma.

"Nipe nusu saa."

"Utaona nini na macho yamekwisha kustaafu?"

Maneno yale yalimchoma. Miaka thelathini alikaa kwenye maabara ya zahanati akitafuta malaria kwenye damu za watu, na hakuwahi kumwandikia mtu majibu kwa kumtazama usoni. Akashusha hadubini yake kuukuu kutoka juu ya kabati, akaipangusa vumbi, akaiweka kwenye meza ya chakula.

Akamshika samaki mwenye vidoa kwa kitambaa chenye maji, akamkwangua ute kidogo ubavuni kwa ukingo wa kioo, akamrudisha haraka. Vimelea vile alivijua vitabuni: viduara vinavyojiviringisha polepole, na kiini kilichopinda kama mwezi mchanga. Hakuviona. Akamkwangua wa pili, akarudia wa kwanza. Hola. Huenda macho kweli yamemwangusha.

Akaiacha hadubini, akavuta kiti, akawatazama tu. Vidoa vilikuwa mashavuni na kwenye ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani, vimejipanga sawasawa; mkiani hakuna hata kimoja. Wenye vidoa walikuwa wawili peke yao, na hawakumwacha jike mnene apumue, wanamsukuma tumbo kona hadi kona. Mgonjwa gani ana nguvu hizo?

Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Shemeji, hawa hawaumwi. Ni madume, wametokwa na vipele vya msimu wa kuzaa. Wanatafuta mke."

"Haya," shemeji akasema, akiiacha chupa mezani. "Kesho utanitafuta mwenyewe."

Kesho yake hakumtafuta mtu. Asubuhi aliyakuta mayai yamenata kwenye majani ya tangini, madogo kuliko punje za mtama, akayahamishia kwenye beseni kabla wazazi hawajayala. Siku ya tatu ndipo alipompigia shemeji simu. Alikuja na chupa kubwa zaidi. Mjane alimvutia kiti mbele ya hadubini.

Ndani ya yai kulikuwa na macho mawili meusi, na moyo unadunda.

"Kaka angefurahi," alisema shemeji, hajainua uso.

"Angewaita majirani wote."

"Yako mangapi?"

"Nimefika mia mbili na bado naendelea," alisema mjane, na furaha ilimjaa mpaka akaketi. "Sogea basi, nami nione."

"Ngoja kidogo, shemeji," alisema yule bwana. "Huyu amegeuka."