Ahudhurie Bila Kukosa

Jumatatu, saa moja na dakika kumi asubuhi, karani wa shule alikuwa amepiga magoti chini ya ubao wa matangazo, karibu na geti, akitafuta pini iliyomponyoka. Ubaoni kulikuwa na nyaraka kumi na saba za ofisi ya elimu kuhusu barakoa na maradhi, zimebandikwa moja juu ya nyingine. Waraka wa tatu uliagiza barakoa zivaliwe darasani na kuvuliwa uwanjani. Wa tisa uliagiza zivaliwe uwanjani na kuvuliwa darasani, ili walimu wasikie majibu. Wa kumi na mbili ulimpa mgonjwa siku kumi na nne za kukaa nyumbani, wa kumi na tatu ukampa tano, na wa kumi na nne ukafuta siku bila kusema zimebaki ngapi. Walimu walishachoka kuuliza. Mwenye nguvu mpishe, walisema, wakapandisha au kushusha barakoa zao kufuatana na wiki.

Alipoinuka na pini yake, karani alimwona binti yake kwenye foleni ya getini.

Binti huyo alikuwa kitinda mimba wake, wa darasa la tano, waliyemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kufungwa. Alikuwa amezikwa Jumamosi. Sare yake ilipigwa pasi na barakoa ilifunika pua sawasawa. Mwalimu wa zamu akamwelekezea kipimajoto kwenye paji la uso.

"Kumi na tisa," mwalimu akasema, akaandika. "Haijazidi thelathini na saba na nusu. Kikohozi bado?"

"Bado, mwalimu." Chiriku akakohoa kumwonyesha. Kilikuwa kikohozi kikavu, kisicho na pumzi ndani yake.

"Pole. Haya, wahi darasani."

Karani akamfuata hadi kwenye ngazi. "Umekuja, mwanangu?"

"Si waraka umesema, baba?"

Waraka wa kumi na saba ulisema hivi: Mwanafunzi mwenye kikohozi ahudhurie shuleni bila kukosa. Karani aliuchapa kwa mkono wake mwenyewe majuma mawili nyuma, na kwa waraka huo huo alimtoa Chiriku kitandani akikohoa, akamfunga kamba za viatu na kumleta. Siku tano alihudhuria. Siku ya sita hakuweza kusimama.

"Bila kukosa," Chiriku akarudia, akaingia.

Kengele ya saa kumi ilipolia alizunguka nyuma ya vyoo, na hakuonekana tena mpaka asubuhi. Waraka ulihusu shule tu. Wa kumrudisha nyumbani haukuandikwa.

Mkewe karani alikuwa fundi cherehani. Kuanzia Jumanne aliacha nguo za watu mezani, na kila saa nne, wakati wa mapumziko, akaja kusimama kwenye uzio, upande wa mabomba, ambako waya umelegea. Chiriku alimjia mbio. Walisimama hatua mbili mbali, maana waraka wa kumi ulikataza mzazi kumgusa mwanafunzi, na mtoto akapiga soga: hesabu zilizomshinda, kifutio alichoibiwa, dawati lake linalocheza mguu. Jioni mama alimsimulia mumewe yote, hata mahali alipocheka. Tangu msiba, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mwanamke huyo kula akamaliza.

Siku ya Jumatano karani alifungua daftari lake. Nyaraka zilisomwa kwa simu na ofisi ya elimu, yeye akaziandika haraka haraka kwa kalamu, kisha akazichapa na kuirudishia ofisi nakala moja. Kwa kazi hiyo walimu walimwita Nakala. Kwenye ukurasa wa waraka wa kumi na saba, kwa mwandiko wake mwenyewe, aliona: asihudhurie.

Alisoma mara nne. Silabi moja, herufi mbili, ilidondoka kati ya kalamu na kompyuta. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu nyaraka zilishageuka mara nyingi kuliko hali ya hewa. Karani alifunika uso kwa daftari, akalia mpaka wino ukachuruzika.

Kesho yake mtoto wa fundi bomba, anayekaa dawati moja na Chiriku, aliletwa na mama yake akivutwa mkono, macho mekundu, akikohoa. "Thelathini na saba na nukta nne," akasema mwalimu wa zamu. "Pita."

Jioni karani alimweleza mkewe. "Nikiirudisha ile ‘si’, hatakuja tena."

"Basi usiirudishe."

"Na watoto wa watu, mke wangu?"

"Watoto wa watu wana mama zao. Mimi nina huyu." Alikuwa akipitisha uzi kwenye sindano na haukupita. "Ukiiandika hiyo ‘si’, baba Chiriku, mimi na wewe basi."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wazazi walikuwa wawili chumbani humo.

Ijumaa, kabla geti halijafunguliwa, aliirudisha ile ‘si’ kwenye waraka ubaoni, kwa kalamu nyekundu. Watoto tisa wenye kikohozi wakarudishwa nyumbani. Chiriku alifika, akasoma, akamtazama.

"Kwa hiyo nisije, baba?"

"Usije, mwanangu." Akashika nguzo ya ubao.

"Haya." Akageuka, akaenda zake nyuma ya vyoo.

Saa nne mama alisimama kwenye uzio mpaka kengele ikalia. Akaenda nyumbani bila kupita ofisini.

Saa tano mwalimu mkuu aliiona kalamu nyekundu. Waraka uliochorwachorwa haufai, akasema, akapiga simu ofisi ya elimu huku karani amesimama mbele ya meza.

"Wanasema maandishi yao ya mwanzo yalishatupwa," mkuu akaeleza, kiganja kikiziba simu. "Walichonacho ni nakala yako, na ndiyo waliyozipelekea shule zote."

"Nakala yangu ina kosa, mwalimu."

Mkuu akaipeleka sentensi hiyo kwenye simu, akasikiliza. "Nakala yako sasa ndiyo asili. Ofisi haikosei, inabadilisha tu, na kikao cha kubadilisha ni muhula ujao. Chapa mpya, safi. Na wale tisa waitwe."

Karani alichapa. Alipolifikia lile neno, kidole kilisita. Mkuu alikuwa nyuma yake, akisoma herufi moja moja.

Jumatatu Chiriku alikuja. Mama yake akamkuta kwenye uzio, na jioni, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, akamwambia mumewe neno: "Amekuja."

Jumatatu iliyofuata Chiriku alifika ameshikana mkono na mtoto wa fundi bomba, aliyezikwa jana yake.

"Kumi na tisa. Kumi na nane," akasema mwalimu wa zamu. "Piteni."

Saa nne, kupitia dirisha la ofisi, karani alimwona mkewe upande wa mabomba. Mke wa fundi bomba akaja, hajui asimame wapi. Mkewe akasogea kidogo, akamwachia nafasi pale waya ulipolegea.