Nyuzi Mbili za Hajra

Nawaandikia nyie wenye mabinti walioolewa. Binti akipelekwa kupasuliwa, angalieni nani anakaa karibu na mlango.

Mwanangu Hajra aliota uvimbe kwenye titi la kushoto. Mumewe Mikdad akamwambia mbele yangu, "Ukitoka huko na titi moja, pitiliza kwa mama yako." Kwa hiyo tulipofika hospitali, Hajra aliuliza jambo moja tu: litabaki?

"Linaweza kubaki," Daktari Gertruda akasema. "Nakata uvimbe na nyama kidogo ya pembeni. Ile nyama inapelekwa chumba cha pili, kwenye hadubini ya kisasa, inatupa picha wewe ukiwa bado umelala. Kingo zikiwa safi, hazina ugonjwa, nashona. Ukiwepo ukingo mchafu, naongeza kukata upande huo tu. Ndiyo maana natia nyuzi mbili kwenye nyama. Fupi ni juu, ndefu ni upande wa kwapa. Bila nyuzi sijui kichwa wala miguu."

"Na usipojua?"

"Nitaliondoa lote, mwanangu. Siwezi kukushonea ugonjwa ndani."

Hajra akakubali. Maneno hayo Bi Mwanahija aliyasikia, alikuwa amekaa pale pale. Huyu ndiye mama yake Mikdad, mwosha maiti wa kijijini kwetu Miono.

Wakamwingiza. Sisi wakwe wawili tukabaki kwenye benchi. Mara nesi akatoka na kibakuli kimefunikwa, anavuka kwenda kwenye chumba cha hadubini. Ni binti wa Miono, mama yake alioshwa na Bi Mwanahija.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hiyo ndiyo nyama ya mkwe wangu? Lete niisomee. Nyama ya mtu ni mtu."

"Bibi, wanaisubiri."

"Mama yako nilimwosha kwa mikono hii, leo unaninyima kibakuli?"

Nikasema, "Mkwe, mwache apite."

"Kaa chini wewe! Umetuoza binti mbovu, sasa unataka kunifundisha dini?"

Nesi akampa. Bi Mwanahija akatugeuzia mgongo, midomo inacheza. Akairudisha, nesi akakimbia nayo.

Haikuchukua muda Daktari Gertruda akasukuma mlango, glavu zina damu. "Nani kagusa? Nyuzi zangu ziko wapi?"

Bi Mwanahija akafungua kiganja. Nyuzi mbili nyeusi, fupi na ndefu. "Nimezifungua. Kwetu hakizikwi kitu na mafundo."

"Picha imeonyesha ukingo mmoja mchafu. Mmoja tu! Ningeongeza kipande kama ukucha. Sasa ni upande gani?"

"Iulize mashine yako. Si ndiyo imesoma?"

Daktari akanitazama mimi, akarudi ndani.

Nesi alipotoka tena alikuwa analia, amebeba beseni. Bi Mwanahija akatoa kitambaa cheupe mkobani, kumbe alikuja nacho. Akaliviringisha humo titi la mwanangu, akafunga huku, akafunga na huku.

"Mbona unafunga mafundo?" nikamuuliza.

"Hufunguliwa shimoni, wakati wa kuzika. Hata hilo hujui?"

"Basi zile nyuzi mbona umezifungulia hapa, kwenye benchi?"

Akacheka kwa pua. Akatoa simu, akapiga nikiwa namtazama. "Mikdad baba, limekwenda lote. Waambie kina Adila kule Lugoba, Ijumaa tunakuja na mahari yake." Akachukua kifurushi chake, akaondoka bila kumwona mgonjwa.

Mkiona uzi kwenye nyama ya mtu wenu, asiuguse yeyote, hata awe mkwe, hata awe amewaosha wazazi wenu wote. Pigeni kelele. Heshima mtaiombea radhi baadaye.

Hajra alizinduka jioni. Hakuweza kuinua mkono ajipapase, bandeji ilimbana.

"Mama," akasema, "limebaki?"

Nikamwambia alale kwanza. Akatabasamu, akalala.