Jina la Kumi na Tisa

Mimi ni mwalimu, na ugonjwa wangu ni kusahihisha. Hata tangazo la msiba likiwa na kosa, mkono unaniwasha. Ndiyo maana shangazi Somoe alipoanza kusahausahau, kazi ya kuandika upya shajara ya ukoo wetu niliichukua mwenyewe, bila kuombwa na mtu.

Sisi ni ukoo wa mabaharia wa Msimbati. Kila mwaka, Alhamisi ya mwisho ya Shaaban, tunawasomea wazee khitma, na mwishoni majina ya marehemu husomwa moja moja kutoka kwenye daftari alilolianza babu Nuhu mwaka 1961. Tena kwetu mtoto wa kiume hapewi jina la kuokota. Baba yake hufungua daftari hilo, akachagua jina la mzee mmojawapo ili lisipotee. Kaka yangu Muzamil alipata lake humo.

Basi nikatoka Chuno, ninakofundisha, nikaenda kwa shangazi na kalamu yangu nyekundu. Kwa siku tatu shangazi alinitajia watu kana kwamba wamesimama mlangoni. Hamisi, baba yake babu, alizama akivusha mizigo kwenye mlango wa Ruvuma. Nduguye aliishia njia ya Kilwa. Baba yetu Abeid, mwaka 1996, chombo kilirudi bila yeye. Wanaume wote bahari iliwala, isipokuwa babu Nuhu, aliyekufa kitandani mwake ana miaka tisini. Niliandika kila mmoja ni mwana wa nani na kafia wapi. Daftari lilikuwa na majina kumi na tisa, na watu niliowapata walikuwa kumi na wanane.

Jina lililobaki lilikuwa kwa mkono wa babu, wino uleule wa 1961: Muzamil bin Abeid.

Nilimuuliza shangazi huyu Muzamil wa kale alikuwa nani. Akasema hajapata kuwapo. Nikapiga hesabu: mwaka ule baba yetu Abeid alikuwa na miaka saba. Babu alimwandika mjukuu ambaye hajazaliwa, tena kwenye orodha ya wafu, na baba, asiye na habari, akaja akampa mwanawe jina hilo akidhani ni la mzee wa zamani. Kaka yangu alianza kuombewa rehema za marehemu miaka ishirini na mitatu kabla hajazaliwa, na bado tulikuwa tunamwombea. Nikapandwa na hasira.

"Ulijua, ukanyamaza?" nilimuuliza.

"Baba alinikataza kuuliza, nami nakukataza kumtoa," akasema. "Mwache hapohapo, mwanangu."

Muzamil mwenyewe alicheka. Alikuwa nahodha wa mashua ya kuvulia Mnazi Bay. Miaka sita nyuma mashua ilipinduka mlangoni mwa Ruvuma, wenzake wanne wakafa, yeye akatoka majini anatembea. Alisema kama ni marehemu, basi tusimtume sokoni. Mkewe Hadija, mwenye mimba ya miezi minne, hakucheka. Alinishika mkono akaniomba nilifute lile jina, na mimi nilikuwa nimekwisha kuamua.

Nilichapa orodha mpya, majina kumi na nane, safi kabisa. Daftari nikalifungia kabatini.

Khitma tuliisoma baada ya Alasiri. Muzamil alikuwa bado baharini, ameahidi kuwahi pilau. Wanawake tuliketi chumba cha ndani, na shangazi alishika tasbihi, kila jina likisomwa anasogeza punje moja. Maalim alipofunga dua, kidole cha shangazi kilibaki palepale.

"Bado mmoja," alisema.

Nikamwambia nimesahihisha. Hakunigombeza. Alinigeuzia yale macho yake yenye ukungu, akauliza Muzamil yuko wapi.

Mashua ilirudi Magharibi inakaribia. Wavuvi wake walisema bahari ilikuwa shwari, maji yametulia kama ya kwenye beseni. Muzamil alikuwa ameshika usukani, anawatania. Waligeuka kuvuta wavu, na walipomtazama tena usukani ulikuwa unacheza peke yake. Hawakusikia hata maji kuruka. Mmoja alitazama simu yake wakati ule: saa kumi na dakika arobaini. Ndiyo dakika tuliyokuwa tukiitikia amina.

Tulimtafuta siku saba. Siku ya nane nilifungua daftari nimrudishe kwenye orodha, na kutoka ndani ya jalada ikadondoka karatasi ya manjano yenye herufi za Kiarabu. Maalim alinisomea. Ilikuwa orodha ya marehemu wetu ya mwaka 1902, na jina la mwisho lilikuwa Nuhu bin Hamisi. Babu alizaliwa mwaka 1911.

Nililia mpaka sauti ikakauka. Bahari ilikuwa inahesabu watu wake kwa kutusikiliza sisi. Kaka yangu ilikwisha kumhesabu zamani, na mimi ndiye niliyekwenda kuiambia kuwa bado yu hai.

Arobaini ilipofika, Hadija aliniletea daftari mwenyewe. Hatujui tumbo lake lina mwana au binti. Nilichukua ileile kalamu nyekundu, na chini ya jina la kaka yangu nikaandika Nuhu bin Muzamil, kisha nikampa maalim alisome kwa sauti pamoja na wafu wetu. Hadija ndiye aliyetangulia kuitikia amina.