Chanzo cha Ubao

Shemeji yangu hutengeneza majeneza, na mimi ndiye ninayefagia karakana yake tangu mume wangu, kaka yake, alipofariki. Zamani kila jeneza lilipokamilika alikusanya vipande vyote vilivyosalia, pamoja na maranda, akavichoma nyuma ya karakana kabla wafiwa hawajafika. Ndivyo baba yao alivyofanya. Hakuna aliyeniambia sababu, nami sikuuliza.

Kisha nikaanza masomo ya jioni. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, nakaa dawati la mbele kwa sababu ya macho. Mwalimu wa biashara alitufundisha uchumi wa mzunguko: kwamba biashara haina taka, ina mali ambayo haijapangiwa kazi. Nilimshukuru Mungu kwa neno lile kana kwamba nimeletewa mimi. Asubuhi nikamwambia shemeji tuache kuchoma. Maranda tumpe mfuga kuku, na vile vipande vya mbao nzuri tutengeneze vitanda vya watoto wachanga.

"Shemeji," akasema, misumari ikiwa mdomoni, "kazi yetu ina raha moja tu: mteja harudi kulalamika. Sasa wewe unataka kumrudisha?"

"Ni mbao tu, shemeji."

"Haya, msomi. Mimi simo."

Lakini alivitengeneza, na vilipendwa.

Kosa ni langu. Mwalimu alisema mali inayozunguka lazima ibebe kumbukumbu ya ilikotoka, ili anayeipokea aiamini. Basi chini ya kila kitanda, kwenye ubao wa katikati, niliandika kwa penseli, kwa mwandiko wangu mpya wa darasani: Chanzo. Halafu nikataja jeneza la nani, na urefu wake. Nilijiona nimefanya kazi ya uaminifu mbele za Mungu.

Binti yangu alipojifungua, alikuja kukaa kwangu na mtoto, mjukuu wangu wa kwanza. Nikampa kitanda kizuri kuliko vyote. Mtoto alilala humo tangu siku ya kwanza bila kubembelezwa. Alipofikisha miezi mitatu, kila alasiri, jua likiwa bado dirishani, aliamka, akageuza kichwa upande wa ukutani, akacheka. Alinyamaza kidogo kama anayesikiliza, kisha akacheka tena. Na chaga za kitanda zililia, kama mtu aliyejigeuza, ilhali mtoto hajasogea.

"Huyu anacheza na nani, mama?" binti yangu aliuliza kwa utani.

Siku iliyofuata hakutania. Alimtoa mtoto, akapindua kitanda atafute panya. Nikiwa jikoni nikamsikia anasoma, neno kwa neno: "Chanzo: mtoto wa muuza mkaa. Futi mbili na nusu."

Nilipofika mlangoni alikuwa amemkumbatia mwanawe kwa mikono yote miwili.

"Futi mbili na nusu za nini, mama?"

Niliinama nikisimamishe kitanda; akaniziba njia.

"Umemlaza mwanangu kwenye jeneza la mtoto wa watu?"

"Ni kipande kilichobaki tu, mwanangu. Jeneza lenyewe lilikwenda."

"Kumbe! Jeneza lilikwenda, mwenyewe akabaki."

Akasema jambo hilo lisipokwisha kabla ya Jumapili, anahamia kwa mama mkwe wake, na mjukuu nitamwona kwenye picha. Namjua binti yangu. Akisema, amesema.

Nilipiga magoti kando ya kitanda kitupu, nikaomba. Lakini kila nilipofumba macho niliuona mwandiko wangu, na moyoni likaja swali moja: mwenye ubao ulimwuliza? Sikuwa nimemwuliza. Nikajifunga kitambaa kichwani, nikaenda kwa muuza mkaa.

Nilimkuta anajaza makopo. Nikamweleza yote, bila kujitetea. Aliendelea kujaza mpaka kopo likafurika.

"Hayo maandishi bado yapo?"

"Yapo, dada. Nisamehe. Nitayafuta."

"Usifute. Mwanangu hakufikia hata kupata cheti cha kuzaliwa. Hakuna mahali popote alipoandikwa." Akapangusa mikono. "Nipe ubao wangu."

Shemeji aliung'oa ubao, akapigilia mwingine mpya kutoka dukani. Muuza mkaa akaufunga ubao wake kwenye shuka, akaondoka nao kifuani. Binti yangu akashusha pumzi. Hahami tena.

Alasiri ile mtoto aliamka, akageuza kichwa ukutani. Akasubiri. Kisha akalia kilio ambacho hatujawahi kukisikia kwake. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu sauti ilikuwa imekauka. Tulimbeba, tulimwimbia, nilimwekea mikono nikaomba. Zahanati wakasema hana homa, hana chochote. Siku ya nne alikataa ziwa.

Binti yangu alisimama, akachukua nepi mbili na blanketi dogo, akamfunga mtoto mgongoni.

"Unakwenda kwa mama mkwe?" nikauliza.

"Nipeleke kwa muuza mkaa," akasema, bila kunitazama. "Twende upesi, asije akafunga."

Nilimwonyesha njia, kisha nikabaki nyuma yake kwa sababu ya magoti. Mtoto alilia njia nzima. Kabla ya kona ya mwisho, nyumba yenyewe ikiwa bado haijaonekana, alinyamaza. Akageuza kichwa kuelekea kule, akasikiliza.

Binti yangu akaongeza mwendo.