Saruji Juu ya Ukuta wa Udongo

Nyumba ya Lorna na mumewe Barnaby, kule kijijini Suffolk, Uingereza, ilikuwa imesimama miaka mia nne bila saruji hata kijiko. Nguzo zake ni za mwaloni, katikati fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe, kisha juu chokaa. Imepinda kidogo, na mlango wake unakuinamisha hata kama huna nia ya kumheshimu mtu, lakini imesimama.

Barnaby alichukizwa na nyufa. Kila kiangazi chokaa ilipasuka hapa na pale, na kila kiangazi ilibidi azibe. Mwaka juzi akachoka. Akaupiga saruji ukuta wote wa nyuma, ukang'aa kama yai.

"Hiyo imekwisha," akasema. "Nitazeeka bila kuigusa tena."

Doreen, mama yake Lorna, alinyamaza. Yeye alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo na alijua. Lakini mkwe ni mkwe, na alikuwa keshaambiwa mara mbili kwamba ana wasiwasi kupita kiasi. Kunyamaza kule anakujutia mpaka leo.

Sasa Lorna alikuwa na mimba ya miezi minane, na kitanda cha mtoto kimeshawekwa chumba cha juu, kona ya nyuma. Jumapili moja Doreen akaja na keki ya tufaha, akapanda kukitazama. Harufu ikampokea mlangoni, kama ya soksi zilizosahauliwa ndani ya buti. Akaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya kona, akatoa sindano yake ya kufumia, akaisukuma. Ikazama karibu yote.

"Barnaby! Hebu njoo. Polepole, usikanyage kwa kishindo."

Barnaby akaja. "Mama, unaichoma nyumba yangu sindano? Ina homa?"

"Ichomoe mwenyewe."

Akaichomoa. Ikatoka na chenga nyeusi, mbichi.

"Unyevu kidogo tu huu. Mwaloni haufi, Mama."

"Unaopumua haufi. Wewe umeuvika koti la mvua, ukafunga vifungo vyote. Maji yanapenya kwenye ufa wa saruji, hayana pa kutokea, yanakaa yanautafuna mti. Na nguzo hii ndiyo iliyobeba hapo uliposimama."

Barnaby akaitazama miguu yake. Akasogea nusu hatua.

"Jamani, mnafanya nini huko?" Lorna akaita kutoka chini. "Keki naimaliza!"

"Imalize, mwanangu! Usipande tu!"

Siku ileile wakateremsha kitanda, wakaitegemeza dari ya jikoni kwa vyuma. Jumatatu akaja fundi wa nyumba za kale. Alipogonga saruji kwa nyundo, ikaanguka bamba zima, na nyuma yake udongo ulikuwa umegeuka uji.

"Mngengoja majira ya baridi," fundi akasema, "mtoto angeshukia jikoni na kitanda chake."

Barnaby hakutania tena. Kibali cha halmashauri cha kugusa nyumba ya kale kilipotoka, mguu wa nguzo ukakatwa, ukaungwa mwaloni mpya. Fundi akataka mtu wa kukanyaga udongo. Barnaby, msomi wa chuo kikuu, akakunja suruali, akaingia kwenye mavi ya ng'ombe mpaka vifundoni.

"Kaza, mkwe wangu!" Doreen akamshangilia. "Unacheza vizuri kuliko siku ya harusi!"

Mtoto akazaliwa ukuta ukiwa bado mbichi. Kitanda chake hakikuenea sebuleni, basi akalazwa humo ndani ya droo ya kabati iliyotandikwa blanketi. Kila asubuhi Doreen alibandika kiganja ukutani.

"Bado."

"Mama, huu ni mwezi wa pili!" Barnaby akalalama.

"Basi bandika chako."

Akakibandika. Akakifuta kwenye suruali.

"Bado," akasema, akaenda kumtafutia mtoto droo kubwa zaidi.